Mgeni Husindikizwa

Mshale wa kompyuta ulisogea kabla mkono wa Dorcelle haujagusa kipanya.

Usiniambie hilo ni jambo dogo. Kwa mtu anayefanya kazi kwa intaneti ya satelaiti, mshale ni mvivu: unausukuma, unasubiri, ndipo unaamka. Dorcelle alikuwa ameuzoea uvivu huo. Alikaa nyumbani kwake Katuba, mjini Lubumbashi, antena nyeupe ikiwa juu ya bati, na kwa antena hiyo aliingia katika kompyuta yake ya ofisini kule Kipushi, mji wa mgodi, akapanga safari za malori kana kwamba yuko palepale. Alisukuma huku, mshale ukaitika kule, baadaye kidogo. Alasiri ile ukamtangulia. Akacheka peke yake, akasema labda leo mbinguni hakuna foleni.

Antena ile ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imelala kitandani, kidole gumba mdomoni. Bénie, binti yake wa miaka minne, alilelewa na bibi yake huko Sakania tangu alipoachishwa ziwa, maana mama mtu alishinda Kipushi, na baba yake, Guelord, alishinda barabarani na lori. Dorcelle alipomrudisha kiangazi hiki, mtoto alimwita tantine. Tantine! Amemzaa mwenyewe, halafu anaitwa shangazi! Neno hilo lilimchoma. Alibembeleza, akapika, akaimba mpaka sauti ikamkauka, na ni juzi tu, akiwa anasukwa nywele, Bénie alisema mama. Dorcelle alikwenda kulilia jikoni. Aliapa kwamba hatamwacha tena mtoto huyu, hata ofisi iungue.

Basi mshale ukasimama. Kisanduku cha ujumbe kikafunguka, likajiandika neno moja: Odi.

Mtu aliyelelewa vizuri Lubumbashi anaweza kusahau sala zake, lakini hawezi kuiacha odi bila jibu. Vidole vya Dorcelle viliitika kabla kichwa hakijauliza ni nani. Karibu, aliandika. Alidhani ni Yannick, mwenzake wa ofisini, anamtania. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni gani.

Harufu ndiyo iliyotangulia kuingia: udongo mbichi na chuma kilicholowa, harufu ya shati la mtu aliyetoka chini ya mgodi. Kisha, nyuma yake, kiti kikavutwa sakafuni, polepole, kwa adabu. Akageuka. Kiti kilikuwa kimesogea mbali na meza, na hapakuwa na mtu. Akashika simu.

"Yannick, wacha mchezo. Ni we njo unaandika mu mashine yangu?"

"Mashine gani, dada? Courant hakuna huku tangu asubuhi. Bureau yote iko giza. Mashine yako imezima, niko naiona apa."

Dorcelle alifunga dirisha la Kipushi kwenye skrini, likajifungua. Alitoka nje akachomoa waya wa antena, akarudi mbio, na picha bado ilikuwapo, ila sasa haikuwa tena picha ya Kipushi. Ilionyesha chumba chenye pazia la maua, mtoto kitandani, na mgongo wa mwanamke wa kitenge cha kijani aliyeinamia kompyuta. Ulikuwa mgongo wake mwenyewe, umetazamwa kutoka pale kilipo kiti.

Akataka kumchukua mtoto wakimbie hata bila viatu, lakini alipoiambia miguu twende, miguu ilikaa kwanza, ikafikiri, ndipo ikaenda, na aliponyoosha mkono mkono ulichelewa, ukafika kitandani wakati yeye amekwisha kuukatia tamaa, na alipofungua kinywa amwite Bénie kinywa kilifunguka na kufumba kitupu, kisha sauti ikatoka baadaye, midomo ikiwa imefungwa, na mtoto aliyekuwa ameamka akaitazama ile midomo isiyosogea, akajikunja ukutani, akanong'ona, "Tantine?"

Hapo Dorcelle alielewa. Ule uvivu wa mshale ulikuwa umehamia mwilini mwake. Alikuwa akiuendesha mwili wake kwa mbali, na kati yake na mwili huo alikuwa amekaa mtu.

Kilio cha mtoto ndicho kilichomleta Mama Kangwa, jirani wa ukuta kwa ukuta, mzee wa kikundi cha maombi parokiani. Alikuja na rozari na chupa ya maji ya baraka. Mlangoni akanusa, akashusha sauti.

"Nani iko mu hii nyumba?"

"Iliandika odi," sauti ya Dorcelle ilijivuta nyuma ya midomo. "Mu mashine."

"Na we uliitika?"

"Eyo, mama. Nilisema karibu."

Kangwa akaketi kitandani. Chupa akaiweka chini.

"Ah, mwana yangu. Kama aliingia sawa mwizi, tungemufukuza na haya maji. Lakini mugeni mwenye uliitikia karibu, habamufukuzake. Banamusindikizaka. Njia yenye alikuya nayo, njo atarudia nayo. Umutoshe pole pole, mpaka ye mwenyewe aseme: inatosha, rudia. Mbele ya ile, hapana kurudia, sababu utakuwa umemutukana."

Desturi hiyo kila mtu Katuba anaijua. Mwenyeji humtoa mgeni hadi njiani, na mgeni ndiye anayempa ruhusa ya kurudi. Mwenyeji hajikatii mwenyewe.

"Bénie?" Dorcelle aliuliza.

"Niko naye apa. Enda."

Kangwa akampakata mtoto, akaanza rozari kwa kunong'ona. Dorcelle akashika kipanya. Picha ikabadilika ikawa ukumbi wa ofisi ya Kipushi, giza tupu, naye akautembea, bila kujua kama anatembea kwa miguu au kwa mshale, na kando yake zikasikika nyayo nyingine, zenye maji, zikimfuata bila haraka, wakavuka uani, wakapita lango la chuma, wakashika njia iliyoteremka ardhini ambayo hakuwahi kuiona katika miaka yake yote ya kazi, na kila walipoteremka hewa ilizidi kuwa ya baridi na ile harufu ikazidi kuwa nzito, na rozari ya Kangwa ikazidi kuwa ndogo huko juu, naye akajikaza kwa ajili ya mtoto, akasema kwa heshima, "Inatosha, mugeni? Nirudie?" na mgeni hakujibu, wakateremka tena.

Nyayo zikanyamaza. Akapapasa kando yake, hapakuwa na mtu. Akageuka. Mbali sana juu palikuwa na mwanga mdogo wa mraba, na ndani yake chumba chenye pazia la maua.

"Ameenda, mama Kangwa," ilisema sauti yake kule juu, laini, midomo na maneno vikienda pamoja.

"Bwana asifiwe!" Kangwa alilia kwa furaha, akamkumbatia yule mwanamke wa kitenge cha kijani. Mwanamke akamshukuru vizuri, kwa kupiga goti kidogo, akamtoa hadi getini.

Dorcelle alikimbia kuelekea mwangani, na mwanga haukukaribia. Alipiga kelele. Sauti yake ilichukua muda mrefu kuondoka, na hakuisikia ikifika popote.

Mwanamke akarudi peke yake. Bénie alikuwa ameketi kitandani, anamkagua, kidole mdomoni. Yule hakumbembeleza, hakumwimbia. Alichuchumaa tu, akafungua mikono. Na Dorcelle, huko chini, aliliomba neno lile lililomchoma kiangazi kizima. Sema tantine, mwanangu. Mkatae. Sema tantine.

Mtoto akashuka kitandani, akaenda, akalaza kichwa begani.

"Mama," alisema, akafumba macho.