Uzi wa Wankyo

Mchana ule Burito alirudi nyumbani Nyakato, Musoma, na sato wawili kwenye mfuko wa plastiki. Aliwaweka jikoni, akafungua madirisha, akamwambia bintiye Rhobi avue sare ya shule kabla haijapata madoa. Tangu amzike mkewe, mwalimu huyu wa fizikia alikuwa amejifunza mambo mengi: kuosha soksi ndogo, kusuka mabutu yasiyolingana, kupika uji usio na madonge. Siku ilikuwa ya kawaida.

Ndipo aliposikia cherehani.

Ililia kidogo, ikanyamaza. Ikalia, ikanyamaza. Marehemu Wankyo alifanya kazi hivyohivyo. Hakuwa mshona nguo. Alidarizi picha za kutundika ukutani. Alikibana kitambaa cha amerikani kwenye duara la mbao, akakanyaga cherehani huku mikono ikilisogeza duara, na uzi ukageuka ng'ombe, mawe, ziwa. Wateja walimfuata kutoka Musoma mjini na hata kutoka Bunda.

Chumba chake kilikuwa kimefungwa tangu msiba. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Burito.

Alifungua. Hapakuwa na mtu. Picha ya mwisho ilikuwa bado chini ya sindano: ufuko wa Mugango, mtoto wa gauni jekundu amesimama juu ya jiwe, mama yuko ndani ya maji hadi magotini, amemnyooshea mkono. Burito aliukumbuka mkono ule. Wankyo alifariki akiwa ameufikisha kwenye kiwiko.

Sasa ulikuwa na kiganja.

Aliangalia juu ya cherehani. Kigurudumu cha uzi kilikuwa kitupu. Sindano ilikuwa na uzi.

Mtu mwingine angepiga kelele. Burito aliufunga mlango polepole, kama mtu asiyetaka kumsumbua aliye kazini. Kesho yake aliwahi kurudi, akakaa sebuleni, akasubiri. Sauti ilipoanza, aliegemeza kichwa ukutani na kufumba macho. Hakumwambia mtu. Nyumba ilikuwa na mke tena, na yeye hakutaka kuuliza zaidi ya hapo.

Aliyebadilika ni Rhobi. Cherehani ikianza tu, usingizi ulimchukua, hata kama kijiko kilikuwa mdomoni.

"Baba, mkono wangu wa huku umelala," alisema siku moja. Burito aliushika. Ulikuwa wa baridi kama samaki wa jana. Zahanati walimpima malaria, wakampima damu, hawakuona kitu.

Jumamosi akaja Ghati, dada wa marehemu, kutoka Mugeta, na unga wa muhogo kichwani.

"Shemeji, nani kamsuka huyu mtoto? Umemsuka au mmegombana?"

"Nimejitahidi."

"Shahada yote ile! Wanafunzi wako wanafaulu kweli?"

Burito alicheka, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kicheko kilikuwa hakijaisha cherehani ilipolia. Rhobi akajilaza mkekani, akalala.

Ghati aliuweka unga chini.

"Shemeji," alinong'ona. "Uliukata ule uzi?"

Burito aliupapasa ufunguo mfukoni. Katika ukoo wa kina Wankyo, mwanamke mshonaji akifa, dada yake huukata uzi ulio kwenye sindano kabla jeneza halijatoka nyumbani, ili kazi ijue mwenyewe ameondoka. Siku ya msiba Ghati alikuja na mkasi, akaomba ufunguo. Burito akamkatalia mbele ya watu. Kila kitu kibaki alivyokiacha, alisema.

"Dada alikuwaga haachi kazi katikati," Ghati alisema. "Fungua."

Walisimama mlangoni. Kikanyagio kilishuka, kikapanda. Hapakuwa na mguu. Duara lilisogea lenyewe. Mkono ulikuwa umeshapata vidole. Vinne vilikuwa vimekizunguka kifundo cha mkono wa mtoto wa gauni jekundu. Kilibaki cha gumba.

Ghati alimpa mkasi.

"Mimi ulininyima. Umemzuia wewe. Mwachilie wewe."

Burito aliingia. Harufu ya sabuni ya Wankyo ilikuwa pale pale kwenye kiti.

"Wankyo."

Kikanyagio kikasimama. Wankyo alikuwa akisimama hivyo kila alipoitwa, asikilize kwanza. Burito akasubiri. Alitaka neno moja tu. Mkasi ulikuwa mzito.

Gumba likaanza.

"Shemeji!" Ghati alikuwa amesharudi mkekani. "Mtoto hapumui."

Akakata.

Sindano iliendelea kupiga bila uzi. Ikatoboa. Ikatoboa. Ikakoma.

Sebuleni Rhobi alikohoa, akalia, akaomba maji.

Kitambaa walikipeleka Butiama, alikozikwa Wankyo, wakakifukia miguuni mwa kaburi. Cherehani Ghati aliibeba hadi Mugeta. Nyumba ikawa kimya. Ni kimya ambacho Burito bado hajakizoea, na kuna mchana hujikuta ameegemeza kichwa kwenye ukuta ule ule.

Rhobi alipona. Anakula, anagombana na wenzake, mkono wake una joto. Ila jioni ya kwanza, Burito akimwogesha, aliona vitone kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Vidogo kama ncha ya sindano, vimepangwa kwa mistari iliyobanana. Mistari minne. Wa tano ulikuwa umeanza tu.

Muuguzi alivisugua kwa spiriti, akauliza nani kamchanja mtoto chale nzuri hivyo. Havijafutika.

Asubuhi wakivuka barabara kwenda shule, Rhobi humpa baba yake mkono wa kushoto. Wa kulia huuinua kidogo pembeni, upande usio na mtu, na vidole vyake vimefumbata hewa.