Msichana Aliyeandikwa Hayupo

Fundi alikuwa akishona sare za shule tangu asubuhi. Chumba chake cha kazi hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na mlango mmoja, na taa moja iliyoning'inia juu ya cherehani. Ilipofika saa kumi jioni alikata uzi, akanyoosha mgongo, akazima taa na kurudishia mlango.

Alibandika maji ya chai jikoni, kisha akakumbuka mkasi wake. Akarudi na kuwasha taa.

Binti yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, karibu na marobota ya vitambaa. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Macho yake yalikuwa wazi.

"Mama yangu wee!" Fundi alishika kifua. "Umeingia saa ngapi humu?"

"Nimo tangu nilipotoka shule."

"Sasa mbona hukusema kitu nilipozima taa?"

Mtoto alifikiri kidogo.

"Nilidhani hutanisikia, mama."

Huyu alikuwa mtoto wa mwisho wa fundi, na nyumba nzima ilimwita Kitinda. Zamani alikuwa na kelele kama redio mbovu. Kisha akaugua surua, akalala nyumbani wiki tatu. Alipona, akarudi shule. Lakini ni kama aliyerudi shule alikuwa mwingine.

Siku hizi alitembea akiambaa ukuta. Alifungua mlango kidogo tu, akapita upande upande. Akiitwa jina lake, aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

"Anakua tu," baba yake alisema. "Mtoto akitulia, mshukuru Mungu."

Fundi hakuridhika. Jioni hiyo alichukua sare ya Kitinda aifue. Akaitazama, akaigeuza, akaisogeza karibu na taa. Yeye alizijua sare. Sare ya mtoto hurudi na mfuko uliochanika, kifungo kilichong'oka, na alama za vidole mabegani. Watoto huvutana, hukumbatiana, hupandiana mgongoni. Sare hii ilikuwa imevaliwa zaidi ya wiki mbili, na bado ilikuwa kama imetoka kwenye cherehani leo. Haikuwa na alama ya mkono wa mtu.

Ilikuwa kama sare iliyovaliwa na hewa.

Vinyweleo vikamsimama. Akatoka nayo hivyo hivyo hadi kwa jirani wa mlango wa pili. Jirani huyo alikuwa mpishi wa shule, na watoto walimwita Shangazi Upawa.

"Shoga, itazame hii."

"Safi! Ungenishonea na mimi nguo isiyochafuka, mwili huu ungekushukuru."

"Sitanii, mwenzangu. Mwanangu ana nini huko shuleni?"

Shangazi Upawa akaacha kucheka. Akavuta kiti.

"Haji kwenye foleni ya chakula," alisema polepole. "Husubiri mpaka wote waondoke. Mimi humwekea sahani yake kando na kuifunika. Nilidhani ni haya tu. Kesho njoo jikoni kwangu saa nne. Tutazame wote."

Kesho yake walisimama kwenye dirisha la jiko la shule. Kengele ya mapumziko ikalia. Watoto wakamwagika uwanjani, wakipiga kelele na kufukuzana.

Kitinda akatoka wa mwisho.

Popote alipopita, watoto waliachana. Hawakumsukuma wala kumtukana. Waliachana tu, na nyuma yake wakaungana tena, bila kumtazama. Alizungukwa na duara tupu, na duara lile lilitembea naye.

Mpira ukabingirika hadi miguuni pake. Uwanja mzima ukanyamaza ghafla. Kitinda akauokota, akaunyoosha kwa mikono miwili. Hakuna aliyekuja. Watoto waliutazama mpira kama vile unaelea wenyewe hewani. Kisha mmoja akaleta mpira mwingine, wa matambara, na kelele zikaanza upya.

Kitinda akauweka ule wa kwanza chini, taratibu, kama kitu cha watu.

"Nawaendea!" Fundi alikuwa amekwishashika upawa. "Nitawacharaza mmoja mmoja!"

"Weka chombo changu chini," alisema Shangazi Upawa, akimshika mkono. "Ukiwachapa watajifunza kuuficha mchezo huu, basi. Kwanza tumsikilize mtoto."

Walimwita nyuma ya jiko. Fundi alipiga magoti, akamshika mwanawe mabega.

"Sikukaripii, mwanangu. Niambie tu."

"Ni mchezo wa Hayupo," Kitinda alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Siku niliyorudi, mwalimu aliita majina. Alipofika kwangu akasema, 'Huyu hayupo.' Nami nilikuwa nimesimama, nimenyoosha mkono. Darasa likacheka. Kesho yake, kabla sijaitika, wakasema wote, 'Hayupo!' Mwalimu akaandika. Sasa anayenisemesha, naye anakuwa hayupo." Akamtazama mama yake usoni. "Mama, na wewe ulinizimia taa. Mimi nipo kweli?"

Fundi alimkumbatia kwa nguvu, hata sare ikakunjamana.

"Upo, mama. Upo! Nisamehe."

Shangazi Upawa alijifuta macho kwa aproni.

"Jambo hili huumiza kuliko kofi," alisema. "Kofi lina alama, mzazi ataliona. Kutengwa hakuna alama. Mtoto hunyauka, watu wakadhani ametulia. Twende kwa mwalimu. Lakini twende kwa adabu, usinitie aibu."

Mwalimu wa darasa alikuwa kijana mwenye tai iliyolegea na wanafunzi sabini. Aliwasikiliza huku akisahihisha madaftari.

"Watoto ni watoto, mama. Watachoka wenyewe. Tena binti yako ni mtoro. Daftari la mahudhurio hili hapa."

Alilifungua. Mbele ya jina la Kitinda kulikuwa na alama za kutokuwepo tangu alipopona na kurudi, siku ya kwanza hadi ya kumi na moja, zimefuatana.

Fundi hakubishana. Alifungua mkoba wa mtoto, akatoa daftari la hesabu, akaliweka kando ya lile la mahudhurio.

Mwalimu akatazama. Siku ya kwanza kulikuwa na hesabu tano, zimesahihishwa. Siku ya pili zilikuwa nne. Wino ulikuwa mwekundu, na saini ilikuwa yake. Alifunua ukurasa baada ya ukurasa. Siku zote kumi na moja zilikuwemo.

Akaiweka kalamu chini.

"Nimesahihisha kazi ya mtoto," alisema, "nikamwandika hayupo siku hiyo hiyo. Huwa nasikiliza darasa tu. Siinui macho."

"Basi yainue, Mwalimu," alisema Shangazi Upawa kwa upole. "Na uwafundishe. Wema nao hufundishwa kama hesabu, kila siku kidogo kidogo. Aanze mkubwa, nao waone."

Asubuhi iliyofuata mwalimu hakukaa mezani. Alisimama mlangoni. Alimpa kila mtoto mkono, akamtazama usoni na kumsalimu kwa jina lake. Kitinda alipofika, aliinama hadi macho yao yakawa sawa.

"Karibu. Nilikuandika hayupo, nawe ulikuwepo. Kosa lilikuwa langu. Unisamehe."

Watoto walitazamana. Hawakuwahi kusikia mwalimu akiomba msamaha.

Kisha akasema, "Leo kila mmoja ataje wema aliotendewa na mwenzake. Hata mdogo."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwishowe akasimama msichana wa mbele, mwenye maneno mengi, aliyeitwa Chiriku. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kupaza sauti, "Hayupo!"

"Juzi raba yangu ilianguka," alisema. "Kitinda akaniokotea. Mimi nikajifanya kama vile imejiokota." Machozi yakamtoka. "Tena mara tatu."

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili. Kicheko hiki hakikuwa kama kile cha zamani. Kitinda mwenyewe akatabasamu.

"Mara nne," alisema.

Darasa zima likageuka. Wakamtazama.

Mchezo haukuisha siku hiyo moja. Lakini mwalimu aliendelea kusimama mlangoni, na kila asubuhi wema ukatajwa. Mmoja alimbebea mwenzake mkoba. Mwingine alimwita mgeni acheze. Shangazi Upawa akasema hafuniki tena sahani, maana Kitinda yumo kwenye foleni, tena anasukumana.

Wiki ya tatu sare ilirudi imechanika mfuko, haina kifungo kimoja, na mgongoni ina alama za viganja vya vumbi. Fundi aliitazama kwenye taa. Akaibusu, kisha akagomba kama mama yeyote.

Alipomaliza kushona kifungo ilikuwa saa kumi jioni. Alinyoosha mkono kwenye swichi. Akausimamisha hapo. Siku hizi hakuzima taa bila kuuliza.

"Nani yumo humu?"

"Mimi nimo!" sauti ikapiga kelele kutoka nyuma ya marobota. "Na Chiriku yumo! Mama, usizime, tunafanya hesabu!"