Aliyetaka Kushukuriwa

Siku ile chumbani walikuwa wanne: fundi cherehani, wifi yake aliyekuwa akipiga pasi, mama mkwe aliyekuwa akishona vifungo, na mtoto wa fundi, miezi saba, amelala ndani ya kapu la vitambaa.

Mchana kweupe, cherehani ilishona yenyewe. Mishono mitatu tu. Hakuna mguu uliogusa pedali.

"Wifi, umeona?"

"Imechoka kukusubiri, mvivu wewe," wifi alitania.

Fundi hakucheka. Mwezi mzima sasa, kila akisinzia kwa uchovu, aliamka akakuta gauni limekwisha kushonwa. Naye kila mara alisema, "Asante, yeyote uliye," akatupa kipande cha kitambaa kipya chini ya meza. Aliona ni adabu tu.

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani. Wifi akainua pasi haraka. Nguo ilikuwa nzima. Ndani ya kapu mtoto akakoroma, midomo ikawa ya kijivu.

"Si ulikuwa unanishukuru?" Sauti ilitoka chini ya meza, na ilikuwa sauti ya fundi mwenyewe. "Mtoto huyu nimekupa mimi. Niinamie, nishukuru, nimwachie apumue."

"Usiiname, mwanangu," mama mkwe alinong'ona.

"Mama, anakufa!"

"Sema tu, wifi," wifi alilia. "Ni neno tu!"

Fundi akamnyakua mtoto, na magoti yakaanza kumkunjika kuelekea meza, huku akikumbuka miaka tisa ya kukaa bila mtoto, miaka ambayo mama mkwe hakumsema hata siku moja bali alipiga magoti karibu naye wakaomba pamoja, wakamwomba Mmoja tu, wala hawakuomba chini ya meza yoyote, na mtoto alizidi kulegea mikononi mwake.

Akaipa meza mgongo. Akaweka paji la uso sakafuni, mtoto kifuani.

"Mungu wangu, wewe ndiye uliyenipa. Nakushukuru wewe peke yako. Hata ukimchukua, sitamshukuru mwingine."

Cherehani ikanguruma kama imepagawa, sindano ikakatika, harufu ikaondoka mara moja. Mama mkwe alikuwa amemshika mabega muda wote.

Mtoto akakohoa, akalia.

Alianza kutembea akiwa na miezi kumi na moja.