Mlango wa Kulia wa Kabati

Saa moja na dakika ishirini asubuhi Mama Rangi alifungua kufuli la banda lake, akasukuma mlango, akakanyaga kitu kinachonata. Maua yake ya karatasi yalikuwa yametapakaa sakafuni vipande vipande, mengine yamegandia soli ya kiatu chake.

Kabati lilikuwa pale pale katikati ya banda. Alilinunua kuukuu, mguu mmoja umevunjika, akalipaka rangi ya samawati na kulibandika karatasi za maua kwa wiki tatu. Mwenye hoteli alikuwa aje kulichukua saa tano. Mlango wa kushoto ulikuwa salama, unang'aa vanishi. Wa kulia ulikuwa umekwanguliwa hadi kwenye mbao, na chini yake kimelala kisu cha kukwangulia cha Fundi, seremala wake.

Basi Fundi alipofika saa mbili kasoro robo, mkoba begani, alimkuta Mama Rangi getini na nusu ya mtaa imeshajaa.

"Huyu hapa," akasema Mama Rangi. "Miaka sita nimempa kazi, leo amenilipa. Mtazameni vizuri hasidi huyu, kesho ataingia nyumbani kwenu."

"Unasema na mimi?" akauliza Fundi.

"Kwani hapa kuna hasidi mwingine?"

Fundi alishusha mkoba chini. Alikuwa na mikono miwili na jina lake tu. Aliingia nyumba za watu kutengeneza milango na vitanda, na fundi akishaitwa hasidi hadharani, hakuna wa kumfungulia mlango tena.

Sajini alifika saa mbili na nusu, mwanamke mnene asiye na haraka, ana daftari la shule mkononi.

"Funguo za banda ziko ngapi?"

"Tatu, Afande," akasema Mama Rangi. "Wangu, wa huyu, na wa akiba uko kwa kaka yangu, nyumba ya mbele."

"Jana nani alitoka wa mwisho?"

"Mimi, saa kumi na moja jioni. Huyu aliondoka saa tisa. Tuligombana."

"Mligombania nini?"

"Mbao," akasema Fundi. "Mti mzuri kama ule anaupaka rangi kama ukuta wa choo. Nilimwambia."

"Ulimwambiaje?"

Fundi alikuna shingo. "Kwamba ningekuwa na uwezo ningelikwangua lote."

"Umesikia mwenyewe, Afande," akasema Mama Rangi. "Sasa unasubiri nini? Pingu zimepata kutu?"

Hapo Kaka akatoka nyumba ya mbele, shati limepigwa pasi, kijiti mdomoni. Hakumsalimu dada yake.

"Afande, mchukue huyu mtu tumalize. Dada yangu nimemwacha akae humu kwa hisani yangu, si ageuze uwanja wangu kuwa gulio."

"Wewe uliingia bandani lini mara ya mwisho?"

"Ijumaa iliyopita. Harufu ya gundi inaniumiza kichwa." Akamwonyesha Fundi kwa kijiti. "Rangi sijali. Lakini mtu anayekwangua mwandiko wa marehemu baba yangu hafai kuachwa mtaani."

Sajini aliandika hayo polepole, kisha akafunga daftari. Alimwomba Kaka asubiri kibarazani kwake, akaingia bandani na wale wawili, akarudisha mlango.

Alipiga magoti. Akaokota vipande vyote, kimoja kimoja, akavipanga juu ya meza. Kazi hiyo ilimchukua saa nzima. Mama Rangi alizunguka nyuma yake akinung'unika kwamba serikali inalipa watu kucheza na takataka.

"Mlango huu wa kulia uliubandika lini?" akauliza Sajini.

"Jana, saa nane mchana. Ndiyo maana hauna vanishi. Wa kushoto ni wa wiki iliyopita."

"Ulibandika nini?"

"Maua pembeni. Katikati ukurasa wa maandishi."

"Ya nani?"

Fundi ndiye aliyesema, "Ya baba yake. Kaka yake alimletea sanduku la mzee alitengeneze, barua zilikuwemo ndani. Nilimwona jana akibandika."

"Mwingine nani alijua?"

"Hakuna," akasema Mama Rangi. "Nijisifu kwa nani?"

"Barua ilisema nini?"

"Sikuisoma. Baba alinifukuza nyumbani, akafa hajaniita. Kaka aliniambia mzee hakutaka hata kusikia jina langu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, nikautumia. Maneno yake ya nini?"

Sajini alichukua ubao mbovu uliokuwa pembeni, akampa Fundi pamoja na kile kisu. "Kwangua. Kwa hasira."

"Hasira ninayo," akasema Fundi, akakwangua. Kisu kilikwenda juu na chini, kufuata uzi, ile mistari ya mbao.

"Mbona huendi kushoto na kulia?"

"Ukiukata uzi, unaitia mbao makovu. Mkono wenyewe unakataa."

Sajini aliwaonyesha mlango wa kabati. Makovu yote yalikwenda kushoto na kulia.

"Labda alijifanya hajui kazi," akasema Mama Rangi. "Wewe humjui huyu."

"Labda. Sasa njoo utazame mezani. Maua yako yote yapo, hata majani. Nionyeshe herufi moja ya baba yako."

Mama Rangi aliinama. Alipekua vipande kwa kucha. Hakuona hata nukta.

"Anayechukia rangi haondoki na maandishi," akasema Sajini. "Maua yamekwanguliwa ili tusiulize habari ya barua. Mwite kaka yako."

Kaka aliingia saa nne na nusu, akasimama karibu na mlango.

"Nani alikuambia kabati lilikuwa na mwandiko wa baba yenu?" akauliza Sajini.

"Dada."

"Mimi?" akasema Mama Rangi. "Tangu Ijumaa hatujasalimiana."

"Basi niliuona Ijumaa hiyo hiyo."

"Ulibandikwa jana saa nane," akasema Sajini.

Kaka alitafuna kijiti chake, akacheka kidogo. "Haya. Mwandiko wenyewe uko wapi? Huna karatasi, huna kesi."

"Huyu mjinga anadhani nilibandika barua yenyewe," akasema Mama Rangi. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wino wa kalamu ukipata gundi unachuruzika. Nabandika kopi. Barua ninazo kwenye kopo."

Alilitoa kopo chini ya meza, akachambua barua, akampa Sajini ile aliyoitolea kopi, bila kuisoma. Kaka aliikodolea macho kama mtu aliyeona maiti inapiga chafya.

Sajini akasoma: "Binti yangu, nilikufukuza kwa hasira, na kosa ni langu. Banda la nyuma na uwanja wake nimekupa wewe. Nimempa kaka yako barua hii akuletee. Njoo nikuone."

Ilikuwa na tarehe ya miezi miwili kabla ya mzee kufa.

"Niliitia kwenye sanduku nikaisahau," akasema Kaka. Hakuwa tena na kijiti. "Nilitaka kujenga maduka hapa. Wewe ungejenga nini, makabati? Jana saa kumi na mbili niliingia kuazima ngazi, nikamkuta baba ananitazama pale kwenye mlango wa kabati, na kisu cha Fundi kimeachwa mezani. Na kabati lenyewe linakwenda hotelini, kila mpita njia asome."

"Aliniita," akasema Mama Rangi. "Alisema nije, nawe ukaniambia hataki kunisikia."

"Ungekuja ungelia, yeye angekufa vile vile."

Mama Rangi aliinua mkono. Sajini akaushika, akaushusha, kisha akamgeuza Kaka na kumtoa nje.

Fundi alikuwa ameshakiokota kisu chake, anafunga mkoba.

"Nisamehe, Fundi," akasema Mama Rangi.

"Humu ndani?"

"Wapi tena?"

"Pale uliponiita hasidi."

Mama Rangi alifuta uso kwa kanga, akatoka mpaka getini. Watu walikuwepo bado, wanamsindikiza Kaka kwa macho.

"Fundi hakunikosea," akasema. "Mimi nimemkosea."

Fundi alisimama nyuma yake. "Wa ng'ambo ya barabara hawajasikia."

Mama Rangi akavuta pumzi, akavuka barabara.