Amri Mbili Imola

"Mwambie breki zake zina joto."

Fosca Morandini, aliyezungumza na dereva kwa redio, hakugeuka. Injinia Tassoni, mkuu wa timu, alikuwa amesimama nyuma yake, jasho likimtoka. Breki za Ilario zilikuwa nzima kabisa. Maneno yale yalikuwa amri ya siri: mpishe mwenzako wa timu ashinde.

Mizunguko minne ya mbio za magari za Imola ilibaki. Ilario Benati alikuwa anaongoza.

Miaka tisa alipisha kila alipoamriwa. Wenzake walimwita Mlango. Hakuwahi kushinda, na mkataba wake ulikuwa ukingoni.

Tassoni hakujali nani anashinda. Alijali tangi la gari la Ilario, alimoficha michoro ya makombora iliyoibwa bandari ya kijeshi ya La Spezia. Gari la mshindi, wakaguzi hulifungua mpaka skrubu ya mwisho. La pili hutiwa kwenye kasha na kuvuka mpaka bila kuguswa.

Kwenye vipokea sauti alivyovaa Fosca, sikio la kulia lilikuwa la timu. La kushoto lilikuwa la wakubwa zake wa ujasusi, Roma.

"Msomee amri," Roma ikasema. "Tutawanasa mpakani."

"Mpakani mmeshawakosa mara mbili," akanong'ona.

"Hiyo ni amri, Morandini."

Amri, amri! Watu wazima na akili zao! Fosca akabonyeza kitufe.

"Ilario, nimeambiwa nikwambie breki zina joto. Breki zako nzima, kaka. Amua mwenyewe."

Ilario akajibu redioni:

"Yule bwana mdogo nyuma yangu anataka kupita?"

"Anataka."

"Basi aote mabawa!"

Tassoni alimrukia Fosca. Akakutana na mdomo wa bastola yake, Beretta.

"Kaa, Injinia. Mbio hazijaisha."

Ilario alishinda kwa nusu urefu wa gari. Wakaguzi walipolifungua tangi, Tassoni alikuwa ameshatiwa pingu.

Ilario alimkimbilia Fosca, uso umelowa machozi na mvinyo. "Miaka tisa napewa amri! Wewe ndiye wa kwanza kuniambia ukweli."

Fosca aliona haya. Angeweza kunyamaza.

"Nusu yake. Mimi jasusi, Ilario. Nilitaka gari lako lifunguliwe."

"Kumbe na wewe ulikuwa unanitumia!"

"Ndiyo. Ila mafuta ulikanyaga mwenyewe."

Ilario akafikiri. Kisha akampa kombe amshikie, ajifute uso.

Simu kutoka Roma ilikuwa inaita. Fosca akarudisha kombe, akaizima simu, akavaa miwani ya jua na kushika njia ya mtoni, nyuma ya uwanja.