Chupa ya Maji ya Jumatatu

Kila Jumatatu asubuhi, mwaka ule wa 1971, nilipitia kiwanda cha ngozi alikofanya kazi baba yangu, Ndung'u. Nilijaza chupa maji ya mtaro ulioelekea ziwani, nikaipeleka kwa Bwana Kosgei, afisa wa afya wa mji, ambaye ofisi yake ilitazamana na shule yetu. Yeye aliyamimina katika beseni, akatia samaki wadogo watano, akangoja siku tatu kuona kama wataishi.

Sheria ilikuwa mpya. Kiwanda ambacho maji yake yangeendelea kuua samaki hadi mwisho wa Juni kingefungwa. Mwenye kiwanda, Mama Bhagwanti, alilalamika sana. Baba akamwambia, "Mama, ngozi hulainika hata kwa magome ya miwati, na vilima vya Dundori vimejaa miti hiyo." Basi wakaacha ile dawa ya kijani ya kulainishia ngozi waliyokuwa wakinunua, wakaloweka ngozi katika maji ya magome. Viganja vya baba vikawa na rangi ya chai.

"Ndung'u, usinisalimie," bawabu Ngigi alimtania. "Utanipaka chai, na sukari hujaleta."

Jumatatu ya mwisho ya Juni, ya kwanza tangu waanze kutumia magome, nilichelewa. Mtaro ulinuka, na viatu vyangu vilikuwa vimepigwa rangi. Nikajaza chupa kwenye bomba la langoni, nikakimbia.

Alhamisi jioni baba alirudi akitabasamu. "Wachuka, samaki wote wazima. Watu ishirini na wanane hawatapoteza kazi."

Chakula kilinishinda. "Baba, yale maji yalikuwa ya bomba."

Aliweka kikombe chini. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Kesho utamwambia Mama Bhagwanti."

"Na kiwanda kikifungwa?"

"Utamwambia."

Mama Bhagwanti alinisikiliza, baba akiwa kando yangu, akavua miwani. "Msichana wewe, ungenyamaza ningelala vizuri," alisema. Kisha akavaa viatu, akatupeleka mwenyewe kwa Bwana Kosgei.

Nilijaza chupa upya, mtaroni. Kufikia adhuhuri samaki wote walikuwa wamekufa. Bwana Kosgei alikasirika, lakini kwa kuwa tulijileta wenyewe, alitupa wiki mbili zaidi.

Baba aliufuata mtaro hatua kwa hatua, nami nyuma yake. Mahali fulani matope yalikuwa meupe. Akayagusa. "Chokaa," akasema. "Ile ya kutoa manyoya. Tulibadilisha dawa, tukasahau chokaa."

Wakachimba mashimo mawili ili maji yatulie, chokaa izame, na maji mengi yaliyobaki yatumike tena, machache tu yatoke mtaroni. Jumatatu ya pili nilijaza chupa mtaroni, matope yakifika kwenye soksi. Siku ya tatu, samaki watano walikuwa wakizunguka beseni.

Ngozi ile ya magome ilikuwa imara, ya kahawia, na washona viatu wa mjini waliigombania. Mama Bhagwanti alinipa jozi ya kwanza. Viatu hivyo ninavyo hadi leo, ingawa baba hayupo tena.

Siku nilipovivaa, baba aliinama akanifunga kamba, vidole vyake vikiwa bado na rangi ya chai.

"Sheria ilitulazimisha kufikiri," alisema. "Lakini ungenyamaza, tusingeifikiria chokaa. Mtu akipimwa, Wachuka, na apimwe kwa maji yake mwenyewe. Hapo ndipo anapojua la kurekebisha."