Kitunguu cha Nguzo ya Tatu

Tone la rangi nyeupe lilimwangukia begani dada mwenye gauni la njano, katikati ya watu waliojazana kulitazama jengo la soko la zamani kabla halijawa maktaba. Fundi mpaka rangi akashuka ngazi mbio.

"Samahani, dada!"

"Samahani itanifulia gauni?" akauliza, lakini macho yalikuwa yanacheka.

Kwa gauni hilo wakapeana namba, na kwa namba wakapendana. Dada huyo, msusi, alikuwa akimpitia kazini na kumsimulia mambo ya soko. Zamani wateja wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo kila muuzaji alichora bidhaa yake kwenye nguzo. Soko likahamishwa, picha zikabaki. Kitunguu cha nguzo ya tatu alikichora marehemu mama yake, kwa kidole.

"Mbona kimefifia hivi, mpenzi?" mpaka rangi akauliza.

"Hata wewe utafifia, na bado nitakutazama."

Basi mpaka rangi akaamua kumfurahisha. Akakipaka kitunguu upya kwa rangi ya mafuta, chekundu, kinang'aa, akajipongeza kimoyomoyo.

Kesho yake msusi alisimama mbele ya nguzo. "Nani kafuta kidole cha mama?"

"Msimamizi wa kazi," mpaka rangi akasema.

Msusi akamwendea msimamizi, akamfokea mbele ya mafundi. Mzee wa watu akaapa kwa watoto wake kwamba hajui lolote. Mpaka rangi akainama, akajifanya anakoroga rangi.

Jioni akapiga simu.

"Mpenzi, ni mimi."

"Najua ni wewe, namba si ninayo?"

"Hapana. Nguzo. Niliipaka mimi. Nilitaka ufurahi, kisha nikaogopa, nikamsingizia mzee."

Akasikia mashine ya kukausha nywele ikizimwa.

"Kesho asubuhi tunakwenda kumwomba radhi," msusi akasema, sauti imemkauka. "Wote wawili. Nimemtukana mtu mzima kwa ajili yako."

"Na mimi utanisamehe?"

"Sijui lini. Mama hana alama nyingine duniani." Akavuta pumzi. "Ila kwenye nyumba yetu, ole wako uguse ukuta bila kuniuliza."

"Nyumba yetu?"

"Umesikia. Usinirudishe nyuma."

Kicheko kilimjia mpaka rangi, kikaishia njiani. Alikuwa amepata alichokitamani, kuishi naye nyumba moja, na hakuona hata chembe ya sababu ya kukistahili.